Sheria ya Madhara: Kutoka Mto Humber Hadi Mahakama za Afrika Mashariki

Mtu akimuumiza mwenzake, akamharibia mali, akamchafulia jina au akamnyima utulivu nyumbani kwake, aliyedhurika anaweza kwenda mahakamani kudai fidia hata kama wawili hao hawakuwahi kuwekeana mkataba wowote. Tawi la sheria linaloshughulikia madai hayo ndilo linaloitwa sheria ya madhara. Kitendo kimoja huweza kuzaa kesi mbili. Dereva wa daladala aliyemgonga mtembea kwa miguu hushtakiwa na Jamhuri kwa kuendesha kwa hatari, na huko kosa lake lazima lithibitishwe pasipo shaka yoyote ya msingi. Majeruhi naye hufungua shauri lake la madai, mara nyingi dhidi ya dereva pamoja na mwenye gari, na kwake inatosha kuonyesha kwamba maelezo yake yana uzito kuliko ya upande wa pili. Kesi ya kwanza inatafuta adhabu, ya pili inatafuta malipo.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria hufundishwa kwamba dai la uzembe husimama juu ya mambo matatu: mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuchukua uangalifu kwa mdai, aliuvunja wajibu huo, na kuvunjwa kwake ndiko kulikosababisha hasara inayolalamikiwa. Fomula hii hukaririwa kwa dakika chache. Kinachochukua muda ni kuelewa ilikotoka, kwa sababu hakuna bunge lililokaa siku moja likaitunga. Ilijengwa na kesi za watu wa kawaida, kesi moja baada ya nyingine, kwa karne nyingi. Anayeisoma bila kesi hizo hubaki na maneno matupu.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na utaratibu wake wa fidia muda mrefu kabla ya kufika mahakimu wa Kiingereza. Makadhi wa Zanzibar, Mombasa na Lamu walihukumu kwa fiqhi ya Kiislamu, ambayo humtaka aliyeharibu mali ya mwenzake airudishe au alipe thamani yake, na huweka dia kwa kujeruhi na kuua. Kipimo cha dia ya mtu aliyeuawa katika vitabu vya fiqhi ni ngamia 100, na mauaji yakiwa ya bahati mbaya mzigo huo hubebwa na jamaa wa muuaji wa upande wa kiume. Bara nako viwango vilijulikana. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya, ameeleza kwamba kwa Wakikuyu uhai wa mwanamume ulifidiwa kwa mbuzi au kondoo 100, na wa mwanamke kwa 30. Kiwango hicho kinaonyesha wazi jinsi jamii hiyo ilivyowapima watu wake. Pande zote mbili, pwani na bara, mlipaji hakuwa mtu mmoja peke yake. Ukoo ulilipa na ukoo ulipokea, kwa sababu lengo lilikuwa kuzuia kisasi kati ya koo mbili zilizolazimika kuendelea kuishi jirani.

Sheria ya Kiingereza ilianzia mahali pengine kabisa. Katika Uingereza ya karne ya 13, mtu aliyetaka kusikilizwa na mahakama za mfalme alipaswa kwanza kununua hati, na kila hati ilikuwa na maneno yake yasiyobadilika. Asiyepata hati iliyolingana na malalamiko yake hakuwa na kesi, hata kama dhuluma aliyotendewa ilionekana na kila mtu. Hati iliyokuja kuwa mzazi wa sheria ya madhara ilidai kwamba mdaiwa alitumia nguvu na silaha na kuvunja amani ya mfalme. Iliwafaa waliopigwa, waliofungiwa na walionyang'anywa. Fundi aliyeharibu kazi, au daktari aliyemtibu mgonjwa vibaya, hakuguswa nayo, maana hakuja na silaha.

Mwaka 1348, mahakama ya mfalme ikiwa York, ililetwa kesi ya kivuko. Mtu mmoja alikuwa amemkabidhi mwenye mashua farasi wake jike ili amvushe Mto Humber. Mwenye mashua alipakia farasi wengi kupita kiasi, na yule jike akafa majini. Mdaiwa alijitetea kwa hoja ya kisheria iliyokuwa na nguvu: hapakuwa na fujo wala silaha, na kama kulikuwa na ahadi ya kumvusha mnyama salama, basi mdai alete hati ya mkataba, ambayo kwa sheria ya siku zile ilihitaji waraka uliopigwa muhuri. Waraka huo haukuwapo, na nani angeandikiana waraka na mvushaji? Jaji hakukubali. Alisema kosa lilitendeka pale mashua ilipojazwa kupita uwezo wake. Msomaji wa kando ya Ziwa Viktoria anayekumbuka kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, meli iliyobeba abiria kupita kiasi na kupoteza mamia ya watu, hahitaji kufafanuliwa kwa nini hukumu ile ilikuwa ya lazima.

Kutokana na kesi za namna hiyo mahakama zilianza kukubali hati zilizoeleza mazingira ya kila tukio bila kutaja silaha. Mlango uliofunguliwa hapo haukufungwa tena. Kipindi hichohicho iliamuliwa kesi nyingine ambayo bado inafundishwa: mtu alifika usiku kununua divai, akakuta duka limefungwa, akaanza kuugonga mlango kwa shoka. Mke wa mwenye duka alipotoa kichwa dirishani kumkataza, yule mtu alimrushia pigo la shoka likamkosa. Mwanamke hakupata hata mkwaruzo, lakini mahakama iliamua alipwe, kwa kuwa kumtia mtu hofu ya kupigwa papo hapo ni kumdhuru. Ndiyo maana leo mahakama hutenganisha kutishia kumpiga mtu na kumpiga kwenyewe, na kila kimoja kinajitegemea kama dai.

Karne ya 19 ilileta viwanda, reli na ajali za aina mpya, na majaji wa Kiingereza hawakuwa tayari kwa hilo. Msimamo wao wa mwanzo uliwapendelea wenye mitaji. Mwaka 1837 iliamuliwa kwamba mtumishi aliyeumizwa kazini kwa kosa la mtumishi mwenzake hawezi kumdai mwajiri. Mwaka 1842 dereva wa gari la farasi la kubebea barua, aliyeumia gari lilipovunjika njiani kwa ubovu, alishindwa kumdai fundi aliyekuwa na kandarasi ya kulitunza. Mkataba wa fundi ulikuwa na mkuu wa posta, dereva hakuwa sehemu yake, na majaji waliogopa kwamba wakimruhusu yeye, madai hayatakuwa na mwisho. Hofu hiyo ya mafuriko ya kesi imerudiwa mahakamani mpaka leo, kwa kawaida pale ambapo sababu nyingine zimekwisha.

Jambo la kushangaza zaidi lilihusu kifo. Mwaka 1808 mtu aliyefiwa na mkewe kwa ajali ya gari la abiria aliambiwa kwamba katika mahakama ya madai kifo cha binadamu hakiwezi kulalamikiwa kama hasara. Aliyevunjwa mguu alilipwa. Aliyeuawa, familia yake iliondoka mikono mitupu. Kadhi wa Lamu au mzee wa kiama, yaani baraza la wazee wa Wakikuyu, angesikia kanuni hiyo angeiona haina akili, kwa sababu kwao kifo ndicho kilichokuwa dai kubwa kupita yote. Bunge la Uingereza liliirekebisha mwaka 1846, ajali za reli zilipozidi, kwa sheria iliyowapa mke, mume, wazazi na watoto wa marehemu haki ya kudai. Sheria za ajali za vifo zilizopo Kenya na Tanzania ni uzao wa moja kwa moja wa ile ya 1846.

Karne hiyohiyo ilizaa kanuni isiyojali kama mdaiwa alikuwa mzembe au la. Mwenye kiwanda huko Lancashire aliwaajiri makandarasi wamchimbie bwawa. Chini ya ardhi kulikuwa na mashimo ya zamani ya mgodi ambayo hayakuzibwa vizuri, na Desemba 1860 maji yalipenya yakajaza mgodi wa makaa wa jirani. Mwenye kiwanda mwenyewe hakufanya uzembe. Mwaka 1868 Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya rufaa, lilikubali kwamba anayeleta katika ardhi yake, kwa matumizi yasiyo ya kawaida, kitu chenye uwezo wa kudhuru kikitoroka, atawajibika kikitoroka kweli. Kesi hiyo, Rylands dhidi ya Fletcher, ni ya kwanza kukumbukwa na wanasheria panapozuka dai la tangi lililopasuka au sumu iliyovuja.

Mabadiliko makubwa kuliko yote yalitoka katika mgahawa mdogo wa Scotland. Tarehe 26 Agosti 1928, May Donoghue, mfanyakazi wa duka huko Glasgow, aliingia na rafiki yake katika mgahawa wa Wellmeadow mjini Paisley. Rafiki ndiye aliyeagiza na kulipa. Chupa ya soda ya tangawizi ilikuwa ya kioo cheusi kisichoonyesha kilichomo. Sehemu ya soda ilimiminwa juu ya aiskrimu, Donoghue akanywa. Rafiki alipomimina iliyobaki, kwa maelezo ya mdai, kikaelea nje konokono aliyeoza. Donoghue aliugua tumbo na kupata mshtuko, akafungua madai ya pauni 500.

Kikwazo chake kilikuwa kilekile cha 1842. Hakuwa na mkataba na mwenye mgahawa, kwa kuwa hakununua yeye, wala na David Stevenson aliyeitengeneza soda. Hakuwa na fedha pia, na ilibidi aruhusiwe kuendesha rufaa kama maskini ili asitakiwe kuweka dhamana ya gharama. Tarehe 26 Mei 1932 malodi watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba ana haki ya kusikilizwa. Lord Atkin aliutafuta msingi mmoja utakaozikusanya kesi zote za uzembe zilizotangulia, na akaupata katika swali ambalo mwanasheria anamuuliza Yesu katika Injili ya Luka, lile lililojibiwa kwa mfano wa Msamaria mwema: jirani ni nani? Jibu la Atkin kwa upande wa sheria ni kwamba jirani ni yule anayeguswa na kitendo cha mtu kwa ukaribu kiasi kwamba mtendaji alipaswa kumfikiria kabla ya kutenda. Mnywaji wa soda ni jirani wa mtengenezaji, hata kama hawajawahi kuonana.

Wanafunzi wengi hudhani Donoghue alithibitisha kuwepo kwa konokono. Hakuna mahakama iliyowahi kusikiliza ushahidi juu yake. Kilichoamuliwa ni hoja ya sheria peke yake: kama maelezo hayo ni kweli, je, kuna dai? Stevenson alifariki mwaka huohuo wa 1932 na shauri likamalizwa nje ya mahakama. Mashtaka ya viwanda vya chakula, dawa na magari katika nchi nyingi yamejengwa juu ya kisa ambacho ukweli wake haukupimwa, na hilo halipunguzi thamani ya kanuni yenyewe.

Sheria hii iliingia Afrika Mashariki kwa amri za kifalme. Kenya ilipokea sheria za Kiingereza kwa tarehe ya 12 Agosti 1897, Uganda 11 Agosti 1902, na Tanganyika 22 Julai 1920, baada ya Waingereza kuichukua kutoka kwa Wajerumani. Maeneo mengi mengine ya sheria yalifika kwa njia ya India, kwa maandishi yaliyokuwa tayari: makosa ya jinai, mikataba, ushahidi, mwenendo wa madai. Kwa Zanzibar uhusiano huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba rufaa kutoka mahakama ya ubalozi wa Uingereza zilipelekwa Mahakama Kuu ya Bombay. Madhara peke yake hayakuwa na kitabu cha kuletwa. Sir Frederick Pollock aliandika rasimu ya sheria ya madhara kwa ajili ya India miaka ya 1880, lakini haikupitishwa kamwe. Hakimu wa Nairobi au Dar es Salaam aliyeletewa kesi ya ng'ombe waliokula shamba la watu alilazimika kufungua ripoti za kesi za London.

Amri hizo ziliweka sharti kwamba sheria ya Kiingereza itatumika kadiri hali ya wenyeji itakavyoruhusu. Sharti lilikuwa zuri, ila majaji wa kikoloni walilitumia kwa nadra. Mauaji na majeraha yalihamishiwa katika sheria ya jinai. Muuaji alinyongwa au kufungwa, na familia ya marehemu, ambayo zamani ingepokea mifugo ya kuwalea yatima, haikupata kitu. Hili ndilo pigo kubwa ambalo mfumo wa kikoloni uliupa ule wa wenyeji, na vitabu vya kiada hulipita haraka mno. Faida nayo ilikuwepo. Kesi ya Donoghue ilikuja miaka mingi baada ya tarehe za kupokelewa sheria, kwa hiyo haikuzifunga mahakama za huku. Majaji waliikubali hata hivyo, na katika miaka ya 1950 Kenya na Tanganyika zilitunga sheria za marekebisho zilizoondoa kanuni ya zamani iliyomnyima kila kitu majeruhi aliyechangia ajali hata kwa sehemu ndogo. Tangu hapo lawama hugawanywa: aliyevuka barabara bila kuangalia hupunguziwa fidia kwa kiwango cha uzembe wake, na dereva hulipa kilichobaki.

Kabla ya uhuru, Mwafrika aliyetaka kuwa wakili alilazimika kusoma ng'ambo. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1961, kilikuwa cha kwanza katika eneo hili na kilipokea vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja. Mwaka 1972 kikachapishwa kitabu cha Edward Veitch kilichokusanya kesi za madhara za Afrika Mashariki, na mwanafunzi akaweza kujifunza kutoka kwa matukio ya Kampala na Mombasa badala ya Lancashire tu.

Moja ya kesi za enzi hiyo ni ya Muwonge dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Uganda, iliyoamuliwa mwaka 1967 na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Wakati wa ghasia, polisi alimfuata mtu aliyekuwa akikimbilia nyumbani kwake, akampiga risasi na kumuua. Mtoto wa marehemu alidai fidia kutoka serikalini. Serikali ilisema polisi yule alitenda ukatili wake mwenyewe usio na uhusiano na kazi. Mahakama ilikataa: polisi alikuwa amepelekwa pale kuzima ghasia, na alichofanya kilikuwa namna mbaya ya kuifanya kazi aliyotumwa. Mwajiri hubeba kosa la mfanyakazi lililotendeka ndani ya kazi, hata kama kosa hilo lilikatazwa na hata kama lilikuwa la makusudi. Kanuni hii ndiyo inayomfikia mwenye matatu asiyekuwepo barabarani siku ya ajali.

Tanzania Bara ilichukua muda mrefu zaidi kufungua njia kama hiyo ya kuishtaki serikali. Sheria ya mwaka 1967 ya mashauri dhidi ya serikali ilimtaka mwananchi aombe kwanza kibali cha serikali ileile aliyotaka kuishtaki. Mwaka 1993, katika kesi ya Kukutia ole Pumbun, Mahakama ya Rufaa ilitamka kwamba sharti hilo linakiuka Katiba. Siku hizi mdai hutakiwa kutoa notisi ya siku 90, kisha anaendelea.

Kero, yaani kumnyima mtu utulivu nyumbani kwake, nayo ina kesi yake ya nyumbani. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa kumwaga taka katika makazi yao, wakilalamikia moshi, harufu na maradhi. Waliipata amri waliyoitaka: umwagaji ukome na jiji litafute mahali pasipodhuru watu. Jiji lilirudi mahakamani kuomba muda wa kuendelea. Jaji Lugakingira alikataa kuongeza, na kwa kufanya hivyo alikiunganisha kilio cha kero na haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Chombo cha umma hakiwezi kuomba ruhusa ya kuwadhuru watu. Taka zilipoelekezwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko, Festo Balegele na wenzake 794, walienda mahakamani mwaka 1991 nao wakashinda. Walifuata njia nyingine ya kisheria, ya kuomba amri za kudhibiti utendaji wa mamlaka, jambo linaloonyesha kwamba dai la madhara mara nyingi husimama bega kwa bega na sheria ya utawala.

Kikwazo cha mwisho ambacho kila mdai hukutana nacho ni muda. Nchini Kenya na Tanzania, dai la madhara kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 3. Kanuni hiyo ilipimwa kwa uzito wake wote huko London, katika kesi za wazee wa Kenya walioteswa katika kambi za kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau. Walidai kwa misingi ileile iliyozaliwa na hati za zama za kati, kushambuliwa mwili, pamoja na uzembe wa serikali iliyojua na isizuie. Serikali ya Uingereza ilijibu kwamba dhima yoyote ilihamia kwa Kenya siku ya uhuru. Mwezi Julai 2011 Jaji McCombe alikataa kuyafuta madai, na tarehe 5 Oktoba 2012 akawaruhusu watatu kuendelea licha ya nusu karne kupita, kwa kuwa nyaraka za kikoloni zilizokuwa zimehifadhiwa zilikuwa nyingi mno na haki ingeweza bado kutendeka. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilitangaza makubaliano ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Kundi jingine la zaidi ya watu 40,000 lilifungua shauri lake, safari hii bila makubaliano. Mwaka 2018 mahakama ileile ya London ilitupilia mbali madai ya kundi hilo. Jaji aliona kwamba muda uliopita ulikuwa mrefu mno, mashahidi wengi wamekwisha kufa, na hukumu ya haki isingewezekana tena.